Acha kuuliza "Tumeelewana?": mwongozo wa kufundisha darasa kubwa kwa swali linalojibiwa na wote

"Tumeelewanaaa?"

"Ndiyooo!"

Kisha unasahihisha jaribio la Ijumaa na kukuta nusu ya darasa haikushika hata kichwa cha mada. Kama unafundisha wanafunzi sabini au themanini kwenye chumba kimoja, kiitikio hicho unakijua. Mimi nilikiamini kwa miaka mingi. Siku hizi nafundisha fizikia kidato cha kwanza na cha pili kwa namna nyingine, na kila mwalimu mgeni shuleni kwetu ananiuliza yale yale: darasa kubwa hivi inawezekanaje? Muhtasari utaisha? Kelele je? Na mkuu wa shule akipita dirishani? Nimeamua kuandika majibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio wa kutumika, ili ukitaka kuanza Jumatatu uanze.

Njia yenyewe si yangu. Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, alianza kuitumia mwaka 1991, baada ya kugundua kwamba wanafunzi wake hodari wa kukokotoa walikuwa wakishindwa maswali mepesi ya nguvu na mwendo yanayoulizwa kwa maneno matupu. Baadaye vyuo vya huko vikaleta vifaa vya kielektroniki vya kupigia kura. Sisi tuna vidole na chaki, na vinatosha.

Kwa kifupi: unafundisha kidogo, unauliza swali moja la kuchagua, kila mwanafunzi anajibu kwa wakati mmoja, wanabishana wawili wawili, wanajibu tena, ndipo unaeleza.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Swali moja au mawili uliyotunga nyumbani. Usitegemee kulitunga ukiwa mbele ya darasa.
- Karatasi za jaribio lililopita, au madaftari kumi hivi ya wanafunzi wa kawaida, si wale wa mbele tu.
- Vidole vya wanafunzi: kimoja ni A, viwili B, vitatu C, vinne D. Ukitaka kadi, kata maboksi ya sabuni au ya biskuti na waandike herufi kwa maka peni, ila kadi hupotea na vidole havipotei.
- Saa. Ya simu inatosha, ukiiweka mezani mahali unapoiona.
- Neno moja kwa mwalimu wa taaluma na kwa mwalimu wa darasa la jirani, kwamba kutakuwa na kelele kwa dakika nne au tano. Usiliruke hili. Mimi niliruka, na mwalimu wa zamu aliingia na fimbo katikati ya mjadala akidhani darasa halina mwalimu. Iliwachukua watoto wale wiki mbili kuthubutu kubishana tena.

Huhitaji projekta, intaneti wala kupanga upya madawati.

Hatua

1. Chagua mada moja ndogo inayowaangusha kila mwaka

Usibadili vipindi vyote vya wiki kwa mpigo. Chukua kipindi kimoja, mada moja ambayo umeifundisha mara nyingi na bado kila mwaka inawashinda. Kwangu ilikuwa kuelea na kuzama. Kwako inaweza kuwa asilimia, usanisinuru au aina za shamirisho.

2. Tunga swali kutoka kwenye makosa yao

Hapa ndipo penye kazi yote. Swali baya litaua kipindi hata ukifuata hatua nyingine zote. Swali zuri lina majibu mawili au matatu yasiyo sahihi ambayo mwanafunzi mwenye akili timamu anaweza kuyaamini kwa moyo wote. Majibu hayo hutayapata kichwani mwako, maana wewe umeshasahau ulivyokuwa unakosea. Yako kwenye zile karatasi za jaribio. Keti nazo, andika makosa yanayojirudia, halafu yageuze kuwa B, C na D.

Hili ndilo swali langu la kuelea:

*Ndoo yenye maji imewekwa juu ya mizani. Mizani inasoma kilo 10. Unaweka ndani kipande cha mti mkavu cha kilo 1, kinaelea, na maji hayamwagiki. Mizani itasoma: (A) kilo 10 ile ile, (B) zaidi ya 10 lakini chini ya 11, (C) kilo 11, (D) zaidi ya 11.*

Jibu ni C, kwa sababu maji na mti vyote vimebebwa na mizani ile ile. Lakini mwanafunzi anayeamini kwamba kitu kikielea "kinapoteza uzito" atachagua A na kuitetea kwa nguvu. Anayedhani kinapoteza nusu nusu atachagua B. Hakuna hesabu ya kukariri hapa, na kanuni iliyoandikwa ubaoni haitamwokoa.

Kwa masomo mengine, mifano michache ya kuanzia:

*Hisabati:* Bei ya shati ni shilingi 10,000. Imepandishwa kwa asilimia 20, kisha ikashushwa kwa asilimia 20. Sasa ni: 10,000, zaidi ya hapo, au pungufu? (Ni 9,600. Wengi watasema imerudi pale pale.)

*Biolojia:* Mwembe mkubwa ukikatwa na kukaushwa, sehemu kubwa ya uzito wa mbao zake ilitoka wapi: kwenye udongo, kwenye mbolea, kwenye mwanga wa jua au kwenye hewa? (Hewa, kupitia kabonidayoksaidi. Watakaosema udongo watakuwa wengi mno.)

*Kiswahili:* "Mama amempikia mtoto ugali." Shamirisho kipozi ni lipi? (Ugali, ndicho kilichopikwa; mtoto ni kitondo, yaani anayepikiwa. Lakini mtoto ametangulia, na hapo ndipo wanaponasa.)

*Historia:* Maswali ya tarehe hayafai kabisa hapa. Uliza linalobishaniwa: katika kuzuka kwa vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, kipi kilikuwa na uzito zaidi: kilimo cha pamba cha kulazimishwa, kodi, au ukatili wa maakida, wasimamizi wa serikali ya Wajerumani? Hapo hakuna herufi moja ya kutoa vema. Unapima sababu wanazozitoa.

Angalizo: usitunge swali la kukumbuka, la aina ya "kizio cha nguvu ni kipi". Anayekumbuka atajibu, asiyekumbuka ataangalia kwa jirani, na hakuna cha kubishania.

3. Weka kanuni tatu siku ya kwanza

Waambie wazi, kwa Kiswahili, kabla ya swali la kwanza. Moja: kura hii haina alama, wala haiingii kwenye rekodi yoyote. Mbili: kila mtu anapiga kura, hata asiyejua, asiyejua anakisia. Tatu: hakuna kumcheka mtu.

Ya tatu ndiyo ngumu kuitunza. Mnamo 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu shule ya Magamba, Lushoto, aliona mchanganyiko wa maziwa ulioingia kwenye jokofu ungali moto ukiganda kabla ya ule uliopozwa kwanza. Alipouliza aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, "fizikia ya Mpemba" ikawa mzaha wa darasa. Alirudia swali lake kwa Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam aliyekuja shuleni kuzungumza nao, na wenzake wakacheka tena. Osborne akaenda kulijaribu. Makala yao ilichapishwa mwaka 1969, na hadi leo wanafizikia duniani wanaliita jambo lile kwa jina la Mpemba. Mimi huwasimulia wanafunzi wangu kisa hiki siku ya kwanza, polepole, bila haraka ya kufika kwenye mada. Hakuna dakika tano za mwaka ninazozitumia vizuri kuliko hizo.

Na fimbo ibaki ofisini. Mtoto anayejua kwamba jibu baya linaweza kumletea kiboko hatakuonyesha anachofikiri. Ataonyesha vidole vya jirani yake.

4. Fundisha kwa dakika kumi, halafu nyamaza

Eleza wazo moja tu. Usiandike ubao mzima. Maelezo marefu ya kunakili mpe kiranja ayaandike ubaoni wakati wa maandalizi ya jioni, au baada ya vipindi kama shule yenu ni ya kutwa. Huku ndiko unakookoa muda: kipindi kilikuwa kinaliwa na kunakili.

5. Soma swali, kisha wape ukimya

Liandike ubaoni na ulisome kwa sauti mara mbili. Wapo wasioona ubao vizuri na hawajawahi kukwambia. Kisha dakika moja na nusu hadi mbili za ukimya kamili. Kila mmoja aandike herufi moja kwenye daftari. Akishaiandika, hawezi tena kujidanganya kwamba alikuwa anajua tangu mwanzo.

Ukimya utakutesa wewe kuliko wao. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima jambo hili miaka ya 1970 na kukuta walimu wengi wakiuliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kuita jina au kujijibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wa kimya wakaanza kusema. Angalia saa. Usitembee, usirudie swali, usitoe "kidokezo kidogo tu".

6. Kura ya kwanza

"Vidole kifuani, nikihesabu tatu. Moja, mbili, tatu." Vidole viwe kifuani, si juu ya kichwa. Mkono ukiwa juu, walioko nyuma wanamwona binti hodari wa dawati la mbele na wanafuata. Nilipoanza sikulijua hilo, na nilifurahia kura nzuri mno kwa mwezi mzima.

Tupa macho safu kwa safu. Huna haja ya kuhesabu kichwa kwa kichwa.

Angalizo: usitangaze matokeo, na uso wako usitabasamu. Ukisema "wengi mmesema A", waliosema C wataanza kuhama kabla hata hawajafungua mdomo.

7. Amua njia

Timu ya Mazur hutumia kipimo kinachofaa hata kwetu. Waliopata wakiwa chini ya asilimia 30 hivi, mjadala hautasaidia, maana kipofu atamwongoza kipofu. Rudi ueleze upya kwa njia nyingine. Wakiwa zaidi ya asilimia 70, eleza kwa ufupi na usonge mbele. Wakiwa katikati, waache wabishane. Kwa darasa la themanini, katikati ni kati ya wanafunzi 24 na 56.

8. Wabishane, kwa lugha wanayofikiria

Agizo liwe hili: "Tafuta mtu aliyechagua herufi tofauti na yako. Mshawishi kwamba wewe umepata." Si "jadilianeni". Ukisema jadilianeni watafanana haraka na kuanza kuzungumzia mpira. Anayekaa na rafiki mwenye herufi ile ile ageuke nyuma. Kwa madawati ya watu watatu, safu ya kwanza igeukie ya pili, ya tatu igeukie ya nne.

Sasa suala la lugha, ambalo walimu wa sekondari hapa Tanzania huniuliza kwa kunong'ona. Watoto hawa wamesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza fizikia yote ikageuka Kiingereza. Ukiwaambia wabishane kwa Kiingereza, darasa litakufa kimya, na utadhani hawajui fizikia kumbe hawana maneno. Waache wabishane kwa Kiswahili. Wanaotumia Kisukuma au Kihaya kwenye dawati lao, waache. Anayepaswa kuwavusha kwenda kwenye Kiingereza cha mtihani ni wewe, na hatua ya 10 ndiyo ya kazi hiyo. Nimeona msichana ambaye hakuwahi kufungua mdomo kwa mihula miwili akisimama nusu na kumwambia mwenzake, "Sasa huo mti umebebwa na nani, si maji? Na maji yamebebwa na nani?" Hakuna maelezo yangu yoyote ya mada ile yaliyofikia hayo.

Wewe zunguka, sikiliza, usisahihishe. Kumbuka sentensi mbili tatu ulizosikia, utazihitaji. Dakika tatu hadi nne, basi. Ukisikia wameanza kucheka kwa pamoja, muda umepita.

9. Kura ya pili, kisha maelezo

Vidole kifuani tena. Kisha uliza kwanza waliokosea, kwa heshima: "Aliyechagua A alikuwa na sababu nzuri. Ni ipi?" Halafu aliyehama: "Nani amebadili herufi, na nini kilichombadilisha?" Mwisho ndipo useme jibu na ulieleze mwenyewe, kwa ukamilifu. Walimu wengine wakishapenda njia hii huacha kueleza kabisa, wakidhani mwanafunzi akigundua inatosha. Haitoshi. Wapo waliopata herufi kwa sababu mbovu, na wanakusubiri wewe.

Ukibaki na muda, weka swali pacha. Langu ni hili: badala ya mti, jiwe la kilo 1 limefungwa uzi, umeushika uzi kwa mkono, jiwe limezama lote lakini halijagusa chini wala kuta za ndoo. Sasa jibu ni B: maji yanalisukuma jiwe juu, jiwe linayasukuma maji chini kwa kiasi kile kile, na uzito uliobaki umebebwa na uzi. Aliyekariri "C" kwenye swali la kwanza atajulikana hapa.

10. Waandike

Dakika tano za mwisho, kila mmoja aandike sentensi mbili au tatu za sababu, kwa lugha ya mtihani. Weka ubaoni maneno manne ya Kiingereza ambayo lazima yatumike. Hapa ndipo maarifa waliyoyapata kwa Kiswahili yanapopata nguo ya kuingilia kwenye mtihani wa Taifa wa kidato cha pili. Kusanya madaftari ya dawati moja moja kwa zamu, usome kumi tu.

Dakika 40 zinagawanyikaje

Tano za kukumbushia, kumi za kufundisha, kumi na mbili za swali la kwanza pamoja na mjadala na maelezo, nane za swali pacha, tano za kuandika. Ukiwa na vipindi viwili mfululizo, usiongeze maelezo, ongeza maswali. Kwenye andalio la somo, andika swali lenyewe na majibu yake yote kwenye sehemu ya shughuli za mwanafunzi. Mthibiti ubora akija ataona ushahidi wa kile ambacho mtaala wa umahiri umekuwa ukikidai tangu 2005.

Mambo yakienda mrama

*Hawabishani, wanakaa tu.* Mara nyingi swali ni jepesi au herufi zimefanana. Ikiwa swali ni zuri, shida ni hofu. Endelea nalo wiki tatu bila kuchoka. Kidato cha kwanza hufunguka haraka kuliko cha nne, maana hawajazoea bado kunyamaza.

*Wanatazamana vidole.* Wafumbe macho wakati wa kura. Watacheka siku ya kwanza, ya pili watazoea.

*Kelele haizimiki.* Usipige meza wala kupaza sauti. Patana nao ishara: ukiinua mkono, anayeuona anainua wake na kunyamaza. Ifanyieni mazoezi mara tatu kabla ya swali la kwanza, kama mchezo.

*Wanafunzi wawili watatu wanatawala mjadala.* Badili agizo: aliye upande wa dirisha anasema kwanza, dakika moja, mwenzake haruhusiwi kumkatiza.

*Niko nyuma ya azimio la kazi.* Utakuwa nyuma mwezi wa kwanza, ni kweli, na usikidanganye kikao cha taaluma kuhusu hilo. Fidia kwenye kunakili, si kwenye mjadala. Mada ambazo kura inaonyesha wengi wanazijua tayari, zipite kwa kipindi kimoja badala ya vitatu. Hapo ndipo utakaporudisha siku zako.

*Wazazi au wenzangu wanasema sifundishi, madaftari ni matupu.* Waonyeshe zile sentensi za hatua ya 10. Mwalimu mwenzako mwenye shaka mkaribishe akae nyuma kipindi kimoja na apige kura naye. Swali la ndoo limewahi kuwagawa walimu ofisini kwetu mpaka chai ikapoa.

*Kura ya pili imekuwa mbaya kuliko ya kwanza.* Hutokea wasemaji hodari wakiwa ndio waliokosea. Usitoe jibu kwa hasira wala kwa haraka. Kama mada inaruhusu, leta kitu chenyewe. Kwa swali la ndoo, azima mizani ya saa dukani asubuhi kabla wateja hawajajaa, ndoo ya lita kumi usiijaze, na kipande cha mti kiwe kikavu kweli. Mpe aliyekuwa akiitetea A kwa nguvu zaidi asome mizani kwa sauti, na umpe muda wa kuisoma mara ya pili.